Nyoka wa Mjomba na kitufe cha Turbo

Mjomba wangu hajashindwa na mtu kwenye mchezo wa nyoka tangu 1993. Sababu ya kwanza, kwa maneno yake, ni kipaji. Sababu ya pili, ambayo haitaji, ni kwamba ofisi yao iliziondoa zile kompyuta muda si mrefu baadaye, na bingwa akabaki na taji kwa kukosa uwanja.

Mchezo wenyewe unaitwa Nibbles. Ulikuja bure ndani ya MS-DOS 5.0, mfumo ulioendesha kompyuta za enzi hizo, mwaka 1991, pamoja na QBasic, programu ya kuandikia programu nyingine, na nina hakika kuna watumishi wa umma waliojifunza kibodi zaidi kwa ajili yake kuliko kwa kozi yoyote waliyolipiwa. Nyoka anatembea kwenye skrini akila namba, kuanzia 1 hadi 9. Kila akila anarefuka. Akigonga ukuta au mkia, amekufa. Wawili wanaweza kucheza kwa kibodi moja: mmoja anatumia mishale ya upande wa kulia, mwingine herufi W, A, S na D upande wa kushoto. Ukiwaketisha wazee wawili wenye vitambi mbele ya kibodi moja, vita vinaanzia kwenye viwiko.

Mpinzani wa Mjomba tunamwita Mhasibu. Amestaafu kitambo, anafuga kuku Rongai, lakini jina halijastaafu. Walikutana kwenye kamati ya harusi ya binti wa mwenzao wa zamani, na mbele ya kamati nzima Mhasibu akasema kwamba kwenye mechi yao ya mwisho yeye ndiye alikuwa anaongoza, ila stima ilipotea. Mjomba hakuchangia tena neno lolote kuhusu harusi. Walipotoka pale walikuwa wamewekeana mbuzi.

Simu ikanijia usiku huohuo.

"Mpwa wangu, wewe si ndiye una zile takataka?"

Takataka ni kompyuta zangu za zamani. Nimezipanga kwenye chumba changu mtaani Umoja, Nairobi, na kea-teka akipita hutikisa kichwa kwa huruma kama aliyeona mgonjwa. Nikachagua ile yenye prosesa ya 486, DX2 ya megahezi 66, pamoja na monita ya kioo ya inchi 14 yenye uzito wa mtoto wa darasa la pili, tukapanda matatu kwenda Buruburu. Konda akaitazama ile monita mapajani mwangu.

"Boss, hiyo TV imekalia nafasi. Utalipia wawili."

"Si TV. Ni monita."

"Basi monita alipe."

Abiria mmoja nyuma akauliza ni monita wa darasa gani. Nililipa wawili.

Ile mashine ina tabia zake. Betri ya CMOS, yaani ya kutunza saa na mipangilio mashine ikizimwa, ile ya pipa inayochomelewa kwenye bodi, niliikata zamani kabla haijavuja na kula njia za shaba. Kwa hiyo kila ikiwashwa huamini kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980, Moi ana mwaka na ushei tu Ikulu, na haikumbuki hata kama ina diski. Sharti uiambie upya: silinda ngapi, vichwa vingapi, sekta ngapi. Hizo namba nimeziandika kwenye karatasi nikaibandika ubavuni mwa kasha. Anti, mke wa Mjomba, alikuja na chai, akaisoma, akaniuliza taratibu huyu mwenye vichwa 16 ni nani na kama ni lazima aingie kwa nyumba yake.

Nikafungua mchezo. Ukauliza wachezaji ni wangapi, ukauliza kiwango cha ujuzi, Mjomba akajibu kwa sauti kama yuko kwenye usaili. Halafu skrini ikaruka, ikatokea ile karatasi ya buluu ya QBasic iliyojaa maandishi, mstari mmoja umewaka, na kisanduku katikati kinasema haiwezekani kugawanya kwa sifuri.

"Nani ameandika barua ndani ya mchezo wangu?" Mjomba akauliza.

Nikarudia. Ikakataa. Nikarudia tena. Ikakataa. Mjomba akainuka, akaenda chumbani kutafuta tai aliyokuwa akivaa kazini, kwa sababu alisema mwili wake haukumbuki mchezo bila tai. Akaifunga, akaketi. Nikabonyeza. Mchezo ukafunguka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana sasa tulikuwa na imani.

Ule mchezo ulipokwisha tukajaribu mwingine, tai ikiwa shingoni, ikakataa. Ikagundulika kwamba Anti alikuwa amefungua friji. Friji ikapigwa marufuku. Tukajaribu, ikakubali. Baadaye ikakataa friji ikiwa imefungwa na tai ikiwa imenyooka, na uchunguzi ukaonyesha kuwa mtoto wa jirani alikuwa ameegemea mlango. Akaambiwa asiegemee, aushike. Kufikia saa mbili usiku, utaratibu wa kuwasha nyoka ulikuwa hivi: Mjomba avae tai, friji isiguswe, Anti apitie mlango wa mbele hata kama anatoka jikoni, na mtoto ashike kitasa kwa mkono wa kulia. Na nisiwafiche, ulifanya kazi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mimi nilikuwa nimeketi pale na kozi zangu zote, sina hoja ya kushinda tai.

Na hata ukifunguka, nyoka alikuwa anatoka mbio, anapiga ukuta kabla kidole cha Mjomba hakijaamua ni mshale upi. Mjomba akasema anahitaji miwani mipya. Anti akasema amekuwa akimwambia hivyo tangu Krismasi.

Walipoenda kula githeri nikapata nafasi ya kuusoma ule mstari ulioangaziwa. Aliyeuandika mchezo alikuwa mtu mwangalifu. Alijua kompyuta hazilingani kasi, kwa hiyo kabla nyoka hajatoka, mchezo unatazama saa, unahesabu kuanzia 1 hadi 1000 bila kufanya lolote lingine, unatazama saa tena, kisha unagawanya kwa muda uliopita ili ujue nyoka apunguzwe mwendo kiasi gani. Mashine za kizamani zilichukua muda wa kuonekana kuhesabu 1000. Sasa, saa ya kompyuta hizi hugonga kama mara 18 hivi kwa sekunde. Ile 486 yangu ilikuwa ikimaliza hesabu yote kati ya pigo moja la saa na jingine. Saa inasema hakuna muda uliopita. Muda ni sifuri. Gawanya kwa sifuri. Lakini bahati ikitokea saa ikagonga katikati ya hesabu, muda unaonekana, mchezo unakubali, na yeyote aliyevaa tai wakati huo anachukua sifa.

Nikamweleza Mjomba kwamba ni kama kumpima mwanariadha wa mita mia kwa saa ya ukutani isiyo na mshale wa sekunde: mara nyingi utaandika kwamba hakutumia muda wowote. Akafikiri. Akasema, "Kwa hiyo tai ilikuwa inasaidia saa kugonga." Nikaacha.

Dawa iliyo rahisi ni kuufungua ule mstari, uongeze ile 1000 iwe laki moja, halafu urekebishe na kile kizidishio cha nusu kilicho karibu yake, la sivyo nyoka atatoka mbio kuliko mwanzo. Ni kazi ya dakika moja. Mjomba akanizuia mkono.

"Mhasibu akisikia umegusa hesabu, atasema tumepika vitabu. Usiguse herufi."

Basi ikabaki kitufe. Kasha lile lina kitufe cha mbele kilichoandikwa Turbo, na kando yake taa ndogo inayoonyesha namba 66. Kitufe hicho, licha ya jina lake, kazi yake halisi ni kupunguza kasi: ukikiachia, mashine inajikokota ili michezo ya enzi za nyuma ichezeke. Nikakiachia. Taa ikaonyesha 33. Hiyo namba, niwaambie kando, haipimi chochote. Fundi aliyeunga kasha ndiye aliyeipanga kwa vijipini, angetaka angeandika 99. Lakini kasi ilikuwa imeshuka kweli. Nikabonyeza mchezo. Ukafunguka. Ukafunguka tena na tena, friji ikiwa wazi, Anti akitoka jikoni kwa mlango wa jikoni, mtoto akiwa ameenda kwao kulala. Nyoka akatoka kwa mwendo wa mtu aliyestaafu.

Mimi nilidhani nitapongezwa. Mjomba alikuwa anaitazama ile taa.

"Umetoa nusu ya nguvu."

"Mjomba, ndiyo inavyotakiwa."

"Mimi nimeendesha gari la ofisi lenye turbo kutoka hapa hadi Eldoret. Hakuna siku niliambiwa niizime ndipo nifike."

Nikabandika kile kitufe kwa selotepu, mikanda miwili iliyopishana, nikamwapisha.

Jumamosi Mhasibu akafika kutoka Rongai na miwani miwili, daftari, na kalamu ya kuandika alama. Alikagua kibodi, akakagua waya, akaniuliza kama kuna kitu kimebadilishwa ndani ya mchezo. Nikasema hata herufi moja. Mjomba akanitazama kwa fahari, kama kwamba yeye ndiye aliyenifundisha uadilifu.

Wakaketi. Mjomba akachukua mishale, Mhasibu akachukua herufi. Viwiko vikagusana, vikasukumana, vikaelewana. Mwanzoni walikuwa wanacheka. Kufikia namba 4 hakuna aliyekuwa anacheka. Kufikia 7 Mhasibu alikuwa anaongoza waziwazi, nyoka wake mrefu amejikunja vizuri pembeni, anasubiri, huku wa Mjomba akihangaika kona ya juu. Mhasibu alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Nadhani ni ule wimbo uliomaliza subira ya Mjomba.

Nilimwona akiinua mkono wa kushoto. Sikumuwahi. Ukucha ukapita chini ya selotepu, mikanda yote miwili ikatoka kwa mlio mmoja, na kidole gumba kikazama kwenye Turbo kwa nguvu zote za pensheni.

Taa ikaandika 66.

Mchezo ulikuwa umeshapima kasi mwanzoni, mashine ikiwa inajikokota, na haupimi tena katikati. Kwa hiyo nyoka wote wawili walifyatuka kwa pamoja. Wa Mjomba akaingia ukutani. Wa Mhasibu, aliyekuwa amejikunja vizuri akisubiri, akajiuma mkia palepale. Vifo viwili kabla wimbo haujafika kiitikio. Wakabonyeza kuendelea kwa hasira, nyoka wapya wakatoka, wakafa. Wakatoka, wakafa. Mjomba alikuwa anapiga kelele "Sasa hiyo ndiyo nguvu!" huku nyoka wake akifa kwa kasi kubwa kuliko alivyowahi kufa maishani. Uhai wao wote ukaisha, skrini ikauliza kama wanataka kucheza tena.

Hakuna aliyejibu. Wote wawili waligeuka wakanitazama mimi.

Watu waliokaa serikalini miaka thelathini hawapigani. Mhasibu alifungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, akaandika waliohudhuria na waliotoa udhuru (mtoto wa jirani), na kikao kikaitishwa pale pale mezani, Mjomba akiwa mwenyekiti kwa sababu nyumba ni yake. Anti akaletewa kiti. Kipengele cha kwanza, mbuzi aahirishwe. Kikaungwa mkono. Kipengele cha pili, mechi irudiwe Rongai, na nauli ya monita igharimiwe na mwenye monita. Nilipinga, sikuwa na kura. Kipengele cha tatu, mpwa aeleze kwa nini alileta mashine ambayo ukiiongeza nguvu inaua wachezaji.

Nikasimama, nikaeleza saa, nikaeleza hesabu ya 1000, nikaeleza kitufe na taa yake isiyopima kitu. Mhasibu aliandika muda wote huo bila kuinua kichwa. Nilipoketi nikachungulia nione ameandika nini. Ilikuwa mstari mmoja: "Maelezo yalisikilizwa, hayakukubaliwa."