Maghorofa ya Kaloleni na mita mbili za baraza

Uache nyuma Mnara wa Mwenge na Makumbusho ya Azimio la Arusha, uingie Kaloleni, katikati ya Jiji la Arusha, kwa miguu. Hatua mia mbili zinatosha kukuonyesha ugomvi wote kati ya nyumba za zamani na maghorofa yanayochukua nafasi yake.

Mkono wa kulia kuna nyumba ya Kiswahili. Bati limeshika kutu, mlango uko katikati, ukumbi mrefu umepita ndani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna choo, jiko na kamba za nguo. Mbele kuna baraza ya saruji iliyolainika kwa kukaliwa miaka mingi. Mama anauzia hapo maandazi, wazee wawili wanacheza drafti, mtoto amepiga magoti anaandika hesabu za shule. Mkono wa kushoto, kwenye kiwanja cha ukubwa uleule, kuna jengo la ghorofa tano. Chini yake kuna fremu nne zenye mageti ya chuma, mbili hazijapata mpangaji. Ngazi zake za vigae zimetoka nje hadi juu ya mtaro, kwa hiyo mtembea kwa miguu analazimika kushuka barabarani apishane na bodaboda. Jenereta limeelekezewa dirisha la jirani. Pa kukaa hakuna.

Nasema mapema kwamba sipingi maghorofa; ninachotaka ni michoro yake ipitiwe kabla ya kibali. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ya 2022 ikahesabu 617,631. Watu laki mbili wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hatuwezi kuwalaza wote kwa kuzidi kumega mashamba ya Muriet, Olasiti na Moshono. Kaloleni na Levolosi ziko karibu na stendi, soko na hospitali. Kama kuna mahali pa kupanda juu, ni hapo.

Wanaotaka nyumba za zamani zibaki wana hoja, lakini wengi wao hawalali ndani ya nyumba hizo. Nyumba nyingi kati ya hizo ni za urithi. Babu alijenga, babu akafariki, na hati, kama ipo, bado ina jina lake. Warithi wamekuwa tisa, kumi na moja, wengine wako Dar es Salaam, wengine Nairobi. Kodi ya vyumba sita ikigawanywa, kila mmoja anaambulia pesa ya vocha. Benki haiwezi kuwakopesha kwa hati ya marehemu, na msimamizi wa mirathi hathubutu hata kubadilisha bati, kwa kuwa kila senti atakayotumia italeta kikao. Mvua za masika zikianza, wanaoishi humo wanaamka saa nane usiku kupanga ndoo. Choo ni kimoja, kaya ni sita. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba nyumba yake ni historia ya mji, unamwambia abebe peke yake gharama ya kumbukumbu ya watu wote.

Kisha anakuja mwekezaji na kusema: toeni kiwanja, mimi najenga, ghorofa mbili zitakuwa zenu. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, warithi wanaweza kupata hati ya sehemu yao ndani ya jengo, badala ya kupokea fedha taslimu zinazoyeyuka kwenye harusi na magari. Kwa familia ambayo mali yake pekee ni kiwanja hicho, huo ndio mlango ulioufungua mji kwao baada ya miaka sitini ya kuukalia. Sina ujasiri wa kuwaambia waufunge.

Upande wa pili wa ukuta yuko mpangaji. Arusha ya katikati hukaliwa na watu wanaohitaji kuwa karibu: mgumu anayebeba mizigo ya watalii mlimani na kurudi mjini kusubiri safari nyingine, dada wa nyumba ya wageni anayetoka zamu usiku, mama anayefika soko la Kilombero saa kumi alfajiri kuwahi mzigo wa mboga. Wakihamia Muriet, saa hiyo vifodi, yaani daladala ndogo, havijaanza, na nauli ya bodaboda inakula faida ya mkungu wa kwanza wa ndizi. Serikali ikitwaa ardhi, mwenye ardhi hufidiwa. Hapa anayebomoa ni mwenye nyumba mwenyewe, basi mpangaji anapewa notisi, na mara nyingi kinachobaki ni kubishana kuhusu kodi ya miezi aliyokwisha kulipia.

Niseme jambo ambalo wanaharakati wenzangu hawapendi kulisikia. Uhakiki wa usanifu, yaani kupitia michoro ya jengo kabla ya kibali ili kuona litaufanyia nini mtaa, hautamrudisha mpangaji huyo. Ni chombo kidogo. Nyumba za kupanga za bei nafuu zinahitaji fedha na ardhi ya umma, na anayedai kamati ya michoro itazileta anawadanganya watu wanaostahili ukweli. Ninautetea kwa sababu nyingine: jengo likishasimama linakaa miaka sitini, na waliobaki mtaani watapita mbele yake kila siku.

Wapo wanaotaka tuende mbali zaidi, tuige Mji Mkongwe wa Zanzibar, wenye mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985 na uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000. Sikubaliani nao. Kwanza sheria yenyewe haitusaidii. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baadaye mpaka yatangazwe. Boma la Wajerumani, ambalo mji ulikua kulizunguka, ni la mwaka 1900 hivi, na reli ilifika hapa 1929. Arusha yote imezaliwa baada ya 1863. Pili, hata Zanzibar, pamoja na mamlaka na heshima ya dunia, sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la zamani la masultani, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kuta za Kaloleni hazikujengwa zidumu karne tatu. Kilicho na thamani pale ni namna nyumba ilivyokaa na barabara: iliitolea baraza, kivuli cha paa, na macho ya watu waliokaa nje hadi saa nne usiku. Hayo yanaweza kuhamia kwenye ghorofa bila kuacha hata tofali moja la zamani.

Sasa tazama kibali cha ujenzi kinavyotembea. Ramani inapelekwa halmashauri na kupita kwa watu wa mipango miji, ardhi, uhandisi, afya, zimamoto. Kila mmoja anauliza swali la maana: kiwanja ni cha nani, nguzo zinabeba, maji taka yanakwenda wapi, watu watatokaje moto ukizuka. Maswali yote hayo yanaishia kwenye mpaka wa kiwanja. Juu yake kuna mpango kabambe wa jiji unaofika 2035, ulioandaliwa na wataalamu wa Surbana kutoka Singapore, nao unapaka rangi kanda nzima kwa mpigo. Kati ya rangi ya kanda na nondo ya nguzo kuna mita mbili au tatu ambazo hazina mwenyewe, na hizo ndizo mita ambazo watu wa Kaloleni wanaishi.

Hoja kubwa dhidi ya uhakiki inatoka kwa wajenzi, na si ya kupuuza. Wanasema: tunashindwa kuhakikisha jengo halianguki, mnataka tuangalie baraza? Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lilianguka katikati ya Dar es Salaam na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka lingine Kariakoo. Wakaguzi ni wachache. Kila saa wanayotumia kujadili ngazi za vigae ni saa ambayo hawakwenda kupima zege. Nimeipima hoja hii mara nyingi, na nadhani ingekuwa na nguvu kamili kama kazi hizo mbili zingemhitaji mtu yuleyule kwa wakati uleule. Uhakiki ninaousema unafanywa kwenye mchoro wa awali, kabla mhandisi hajapiga hesabu ya nguzo, wakati ambapo kusogeza ukuta ni kufuta mstari.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Muhuri ukiongezeka mmoja, mlango wa chai unaongezeka mmoja. Mwenye uwezo atapita, na mjane anayejenga polepole kwa fedha za vikoba atakwama. Kamati ya watu wenye ladha, wakikaa mezani kuamua jengo gani "linapendeza", itakuwa balaa kwa mji huu. Tayari kuna watu wanaodhani usanifu wa Kiswahili ni kubandika matao ya saruji kwenye ukuta wa vioo. Tao lisilobeba kitu na lisilotoa kivuli halimfai mpita njia.

Kwa hiyo ningetaka masharti yanayopimwa kwa futi kamba, yasiyohitaji ladha ya mtu. Ghorofa ya chini irudi nyuma mita mbili kutoka mpaka wa mbele, na zile za juu ziruhusiwe kuzifunika mita hizo, zisimame juu ya nguzo. Ngazi na miteremko yote iwe ndani ya kiwanja. Mtaro ufunikwe na usafishike. Jenereta lisielekee dirisha la mtu. Michoro ya mbele na ya chini ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, mtu aione bila kuomba. Na jibu litoke ndani ya siku zilizowekwa, zikipita bila jibu hesabu iwe imekubaliwa. Najua sharti hilo la mwisho litapitisha majengo mabaya machache. Napendelea hasara hiyo kuliko faili linalolala droo miezi minane likisubiri bahasha.

Mwenye kiwanja anapoteza nini? Kiwanja chenye upana wa mita 15 kikirudi nyuma mita mbili kinatoa mita za mraba 30, chini tu. Ni hasara ya kweli, maana fremu ya mbele ndiyo inayolipa. Basi alipwe kwa kuruhusiwa kuongeza ghorofa moja juu, pale msingi na barabara vinaporuhusu. Si ugunduzi. Maduka ya zamani ya Wahindi katika miji yetu mingi, Moshi ikiwemo, yalikuwa na vibaraza vyenye nguzo ambamo mtu alitembea mtaa mzima wakati wa mvua bila kulowana, na mwenye duka hakufilisika kwa hilo. Wateja walikuja kujificha mvua wakaishia kununua.

Kuna suala la maji ambalo halihusiani na uzuri hata kidogo. Mji huu umelala kwenye mteremko wa Mlima Meru, na mito ya Themi na Naura inapita ndani yake. Uani wa nyumba ya Kiswahili ni udongo. Mvua ikinyesha, nusu inazama palepale. Jengo linalofunika kiwanja ukuta hadi ukuta linaitupa yote mtaroni, na mtaro uliokwisha kukaliwa na ngazi unaitupa barabarani, inateremka hadi kata ya Unga Limited kwa watu ambao hawajawahi kusikia habari ya jengo hilo. Uwiano wa jengo na kiwanja umo kwenye kanuni za mipango miji. Usimamizi wake ndio unaolegea, na hapo sioni pande mbili za kupima.

Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na Arusha inajengewa uwanja mpya. Kila mwenye kiwanja Kaloleni anapiga hesabu ya vyumba vya wageni. Haraka hiyo naielewa. Lakini misingi inachimbwa sasa, na nguzo ya mbele ikishamwagiwa zege kwenye mpaka wa kiwanja, hakuna kanuni itakayoirudisha nyuma.

Nilipopita tena pale, kulikuwa na vigingi vya mpimaji uani kwa ile nyumba ya bati. Nilimuuliza mama wa maandazi kama anajua kitakachojengwa. Alisema ameambiwa ni ghorofa, na atafute pengine kabla ya mwezi wa sita. Ramani hajaiona.