Anodi alikuwa adui, kisha akawa staringi

Ugomvi mkubwa kuliko wote niliowahi kuushuhudia kwenye kibanda umiza, banda letu la kuonyeshea video pale Mwanjelwa, Mbeya, haukuhusu mpira. Ulimhusu Arnold Schwarzenegger, ambaye sisi wote tulimwita Anodi. Ilikuwa Juni, baridi ile ya kuwafanya watu wabanane kwenye benchi bila mtu kulalamika, na mwenye kibanda alikuwa amepata kanda ya The Terminator ya kwanza. Ya pili tulishaiona hadi tukaikariri. Tulijua kwamba Anodi ni mashine iliyotumwa kumlinda mtoto, kwamba mwishoni anateremshwa kwenye chuma kilichoyeyuka, na kwamba hapo ndipo watu wazima huanza kukohoa gizani ili wasijulikane kuwa wanalia. Sasa kanda imeanza, na Anodi huyohuyo anachana ukurasa wa kitabu cha simu, anatafuta jina la mwanamke, anagonga mlango, anafyatua risasi.

Kelele zikalipuka. Staringi gani anaua wamama? Kaka mmoja wa benchi la mbele alisema kanda ni feki. Mwingine alidai arudishiwe hela yake. Mwenye kibanda akasimamisha deki, akajitokeza mbele ya televisheni, mkono mmoja ameushika ukingo wa pazia, akasema: "Tulieni jamani. Hii ni ya zamani. Zamani alikuwa adui."

Nimeyabeba maneno hayo miaka yote, kwa sababu sijapata mhakiki aliyeieleza filamu ile kwa ufupi zaidi. Ya kwanza ilitoka mwaka 1984. Marekani na Urusi walikuwa wameelekezeana makombora ya nyuklia, na mwaka mmoja kabla Rais Reagan alikuwa ametangaza mpango wa kujenga ngao angani ya kuyazuia ya upande wa pili. Watu waliogopa kwamba siku moja uamuzi wa vita utawatoka binadamu mikononi. Ndicho kisa chenyewe: kompyuta ya ulinzi inakabidhiwa silaha, inamwona binadamu kuwa tishio, inawasha moto yenyewe. Mashine ya namna hiyo haiwezi kuwa rafiki wa mtu. Ya pili ilitoka Julai 1991. Ukuta wa Berlin ulishaanguka. Ndani yake mtoto anauliza kwa nini makombora yaelekezwe Urusi, kwani hawa si marafiki zetu sasa? Miezi mitano baadaye Umoja wa Kisovieti haukuwepo tena. Adui wa jana amekuwa rafiki, na Anodi naye amevuka mstari, kutoka adui hadi staringi. Mwenye kibanda hakusoma historia ya Vita Baridi popote, lakini alikuwa amezipanga kanda mbili kwenye rafu moja na akaona tofauti.

Hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wanaopenda kuzipima filamu za kisayansi kwa utabiri. Huchukua Blade Runner ya mwaka 1982, iliyowekwa Los Angeles ya Novemba 2019, halafu wanasema: 2019 imekuja imepita, magari hayakupaa, basi filamu imekosea. Mimi naona wameitazama kwa jicho lisilofaa. Angalia mabango ya mji ule, herufi za Kijapani kila ukutani, uso wa mwanamke wa Kijapani mkubwa kama ghorofa akitangaza bidhaa. Huo ndio mwaka 1982 wenyewe, mwaka ambao Wamarekani walikuwa wakitazama magari na redio za Japani zikijaa madukani kwao na kujiuliza mji huu utakuwa wa nani. Kuhusu 2019 haikuwa na la kutuambia.

Na ninaamini sisi wa kibanda tuliliona hilo mapema, kwa sababu tulizipata filamu hizi zikiwa zimechelewa. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo palikuwa na kanda, na kanda zilipanda Mbeya na mizigo bila mpangilio wowote: ya 1991 kabla ya ya 1984, ya 1968 baada ya zote. Mtu aliyeitazama filamu akiwa ndani ya hofu yake haioni hofu hiyo, huiona hadithi tu. Sisi tuliokaa mbali na hofu hiyo tuliuliza moja kwa moja: hawa wanaogopa nini?

Niliuliza swali hilo kwa uchungu zaidi nilipoitazama ya kale kuliko zote ninazozijua, Le Voyage dans la Lune ya Mfaransa Georges Méliès, ya mwaka 1902. Ni ya dakika kama kumi na tano hivi, bila sauti. Wataalamu wanarushwa na mzinga hadi mwezini, chombo kinachoma jicho la mwezi, na hiyo ndiyo picha inayojulikana dunia nzima. Watu hawazungumzii sana kinachofuata. Mwezini kuna wenyeji. Wageni wanawapiga kwa miavuli, wenyeji wanapasuka na kuwa moshi. Wanapelekwa mbele ya mfalme wa mwezini, na mkuu wa wageni anamnyanyua mfalme yule kutoka kwenye kiti chake na kumbwaga chini. Mfalme anatoweka kama wenzake. Mwenyeji mmoja aliyeng'ang'ania chombo anafika nao duniani, anatembezwa mbele ya watu kwenye sherehe.

Nilirudisha nyuma pale pa mfalme mara tatu. Mwaka 1902 ni miaka minne tu baada ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe wa Iringa, kujiua asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kukatwa na kupelekwa Ujerumani. Méliès hakuwa akimfikiria Mkwawa, na huenda hakuwahi kulisikia jina lake. Ndiyo maana filamu ile inanitisha. Mfalme wa ugenini kubwagwa chini lilikuwa jambo la kawaida hata likafaa kuchekesha watoto na wazee ukumbini Paris. Mtu wa Iringa anayetaka kujua Ulaya ya wakati ule ilikuwa na hali gani moyoni, asiishie kwenye barua za magavana. Aitazame na filamu hii.

Fuvu la Mkwawa liliandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule wa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kifungu cha 246, kwamba lirudishwe ndani ya miezi sita. Lilirudi Juni 1954, baada ya miaka 35, na lipo Kalenga, Iringa, mpaka leo, ndani ya kabati la kioo. Nimesimama mbele yake. Ni dogo kuliko unavyotarajia.

Mwaka huohuo wa 1954 Japani ilitoa Gojira, filamu ya mnyama wa kutisha ambaye kwingine huitwa Godzilla. Machi mwaka ule Marekani ilikuwa imelipua bomu la haidrojeni kwenye visiwa vya Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa ndani ya mashua yao baharini. Novemba filamu ikawa tayari, na inaanza na wavuvi, bahari, na mwanga mkali. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu Hiroshima. Watu waliokuwa ukumbini hawakuhitaji kuelezwa mnyama yule ni nini. Kisha Wamarekani wakaichukua mwaka 1956, wakaingiza mwandishi wa habari wa kwao awe ndiye msimulizi, na mengi yaliyosemwa kuhusu bomu wakayapunguza. Nilipolijua hilo niliwakumbuka watafsiri wetu, ambao sauti zao zilifunika kila filamu tuliyoitazama. Wetu waliongeza utani na majina ya mitaa, lakini sikumbuki hata mmoja aliyemwondolea mtu msiba wake.

Ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey, nitaigusa kidogo tu, maana wengi wameiandika. Ndani yake Wamarekani na Warusi wanaongea kwa adabu kwenye kituo cha angani, wakati huku chini walikuwa wakikimbizana kufika mwezini. Huku kwetu mashindano ya wakubwa hao yalikuwa na sura ya reli. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia njia ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam, China ikakubali mwaka 1967, na kufikia 1975 reli ilikuwa imeshapita Mbeya. Bibi yangu aliyeziona zile tingatinga za Wachina zikikata vilima angeweza kueleza zama zile vizuri kuliko filamu yoyote.

Basi hofu yetu sisi iko kwenye filamu gani? Kwa muda mrefu sikuwa na jibu. Sasa ninalo, nalo ni la jirani: Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009. Vita vya maji vimeshapita. Nje ni jangwa. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho lao na mkojo wao husafishwa wayanywe tena. Msichana anayeitwa Asha anapata udongo wenye unyevu, anaotesha mbegu, kisha anatoroka ili akaupande mche nje.

Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika maji kiangazi ndani ya hifadhi tangu mwaka 1993. Maji yale yale hutafutwa na mashamba ya mpunga ya Usangu, na mifugo, na tembo, na bwawa la Mtera kwa ajili ya umeme. Kila anayeyataka ana sababu ya kweli. Ndiyo maana Desemba iliyopita niliipeleka Pumzi kwenye simu yangu hadi Ubaruku, huko huko Usangu, kwa shangazi, ambaye amelima mpunga maisha yake yote na mfereji wake ulikuwa umekauka, tope limepasukapasuka kama vigae. Aliitazama akiwa ameketi kwenye kigoda, simu ameishikilia mbali na macho.

Pale pa kunywa maji ya mkojo hakusema kitu. Pale Asha alipounusa udongo aliniambia, "Rudisha hapo, baba." Nikarudisha. Alipofika Asha jangwani, jua la utosini, akaanza kufukua mchanga kwa mikono, shangazi alitikisa kichwa.

"Mche haupandwi saa hizo. Angengoja jioni."

Asha akaumiminia mche matone yake ya mwisho ya maji. Akajipangusa jasho lake mwenyewe, akaupa na hilo. Kisha akajilaza kuuzunguka, mwili wake ukiukinga na jua.

Shangazi aliisogeza simu karibu na uso. "Haya," akasema. "Ameuwekea kivuli."