Mstari wenye alama 0.9 una hatia?

Chukua programu iliyofanyiwa majaribio 110: 100 yamefaulu, 10 yamefeli. Mstari mmoja wa msimbo ulitekelezwa katika majaribio 9 kati ya yaliyofeli, na 10 tu kati ya yaliyofaulu. Kanuni ya Tarantula, mbinu ya kutafuta mstari wenye kosa iliyotoka chuo cha Georgia Tech, Marekani, mwaka 2002, inachukua 0.9 (9 kati ya 10 yaliyofeli) na kuigawa kwa jumla ya 0.9 na 0.1 (10 kati ya 100 yaliyofaulu). Mstari huo unapata alama ya shuku 0.9 na kupanda juu ya orodha ya washukiwa.

Uzuri wake ni kwamba kompyuta haihitaji kujua programu inafanya kazi gani. Inahesabu tu nani alikuwepo mambo yalipoharibika. Lakini kuwepo si kutenda. Mstari mbovu huweza kupitiwa mara elfu bila kudhuru, ukaonekana mwema, na jirani yake akabebeshwa lawama. Na kama kosa ni sharti ambalo mwandishi alisahau kuliandika, utamshuku nani? Mstari wenyewe haupo.

Mwaka 2011 watafiti Chris Parnin na Alessandro Orso waliwapa waandishi wa programu orodha ya namna hiyo wakaitumie. Wenye ujuzi zaidi waliharakisha kwenye kosa jepesi. Kwenye kosa gumu, orodha haikuwasaidia. Wengi hawakuifuata kutoka juu kwenda chini, wakarukaruka. Sishangai. Kuonyeshwa mstari si kuelezwa umekosea nini, na ukiwa na jaribio linalofeli kila ukiliendesha, mimi naona ni afadhali ufuatilie programu hatua kwa hatua.

Ila kuna makosa yanayotokea kwa watumiaji tu, mara moja moja, na mezani kwako hayaonekani kamwe. Hapa mtafiti Ben Liblit na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuwa na wazo lenye nguvu zaidi, walilolichapisha 2003. Programu iliyo mikononi mwa watu ichunguze hali zake kwa kubahatisha, pengine mara 1 katika 1000, ili isizidiwe na kazi hiyo: je, thamani hii ni hasi? Je, fahirisi (namba ya nafasi katika safu ya data) imezidi ukubwa wa safu? Jibu linalojirudia kila programu inapoanguka tayari ni nusu ya maelezo, jambo ambalo namba ya mstari haiwezi kukupa.

Gharama yake ni kwamba lazima kompyuta za wengi ziripoti kwa mtengenezaji, na ripoti hizo, hata zikiwa hesabu tupu, zinaweza kufichua mtu alikuwa akifanya nini. Bila wengi wanaokubali, kosa la nadra halina takwimu.