Jina la tovuti nalo lina majirani wa kuulizwa

Dar es Salaam hii hakuna mwenye akili timamu anayenunua kiwanja kwa picha za dalali. Utafunga safari mpaka Chanika au Kigamboni, utapita kwa mjumbe, utaongea na majirani, utapekua hati ardhi. Kila siku tunasoma ukutani: "Nyumba hii haiuzwi." Tumefundishwa na machungu. Lakini mtu huyohuyo atanunua jina la tovuti akiwa ndani ya mwendokasi, asiulize lilikuwa la nani.

Dada yangu anauza vitenge Kariakoo. Mwaka jana alinunua jina fupi, zuri, linaloishia na .com, kwa mtu aliyemwapia kuwa ni jipya. Ankara za malipo alizowatumia wateja wake wa Lubumbashi kwa barua pepe ya jina hilo zikawa zinaangukia kwenye barua taka. Wao wakaona wamepuuzwa. Nilipolitafuta jina lile kwenye Wayback Machine, ghala la kurasa za intaneti kuanzia 1996, nikakuta kamari na dawa za nguvu za kiume, mwaka baada ya mwaka.

"Mdogo wangu, kumbe hata jina lina mambo yake ya nyuma?"

Linayo. Mwenyewe asipolilipia, linarudi sokoni na doa lake. Spamhaus, shirika linalofuatilia barua taka, kwa mfano, wana orodha ya majina yenye sifa mbaya, na seva nyingi za barua pepe huitazama kabla ya kupokea ujumbe. Tarehe ya WHOIS, daftari la usajili wa majina ya tovuti, nayo isikulaze: jina lililokufa likasajiliwa upya huonyesha tarehe mpya. Hata ghala lile likiwa tupu si kinga, maana si kila ukurasa huhifadhiwa. Litafute pia Google, na BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uangalie kama si alama ya biashara ya mtu.

Na anayekuuzia kwa bei kubwa kwamba "jina la zamani lina nguvu Google", mkatalie. Tangu Machi 2024 Google inahesabu kuwa ni ulaghai kununua jina lililoisha muda na kulijazia kurasa hafifu ili kupanda kwenye matokeo ya utafutaji kwa sifa za mmiliki wa zamani.

Nilimpigia yule muuzaji. Akanijibu, "Mbona hamkuuliza?" Tuliuliza, akasema ni jipya. Dalali anayeficha mgogoro wa kiwanja tunamwita tapeli, na huyu sioni kwa nini tumwite mfanyabiashara.