Presha kuka ya umeme inabebeshwa kesi ya jiko la koili

Mwambie mtu wa Mbagala apikie umeme uone, jibu ni moja tu, LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, itaisha kabla maharage hayajaiva. Serikali nayo inataka 80% ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 ila huku mtaani safi maana yake mtungi wa gesi, umeme hata hauingii kwenye maongezi.

Hiyo hofu haijatoka hewani, imetoka kwenye lile jiko la umeme la koili, linawaka jekundu mwanzo mwisho na joto kibao linaishia pembeni ya sufuria, jiko la mkaa nalo hivyohivyo, ndo maana ukikaa karibu unatoka jasho wewe kabla ya nyama. Presha kuka ya umeme yenyewe imefunikwa kotekote, joto halina pa kukimbilia, ikishafika presha inajikata yenyewe halafu inashtuka mara mojamoja tu. Watu wanaona wati 1,000 zimeandikwa ubavuni wanapata presha wao, kumbe haivuti hizo wati muda wote. Chukulia maharage, hata jumla ya kuvuta ikifika nusu saa, hiyo ni nusu uniti basi, maana uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Kwa mteja wa D1, kundi la bei la wanaotumia umeme kidogo nyumbani, yule wa shilingi 100 kwa uniti kabla ya makato, ni shilingi 50. Hamsini! Mkaa wa hamsini nani anakuuzia?

Sasa hapo kwenye D1 ndo pana shughuli, maana bei hiyo ni ya uniti 75 kwa mwezi, ukizidi kila uniti ya juu ni 350, na ukizoea kuzidi unahamishiwa T1, kundi la bei ya kawaida, ambako kila uniti ni 292. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Friji dogo likila karibu moja, feni za usiku, tivii, pasi ya watoto wa shule, ukiongeza maharage na wali unabaki unachungulia mita kama mgonjwa anayesubiri majibu. Familia yenye mita yake inaweza, kwa kujibana. Ila nyumba ya vyumba sita inayotumia mita moja, hizo uniti 75 zinaisha wiki ya kwanza, na huyo mpangaji mwenye presha kuka ndo atanuniwa kila siku ya kuchangishana hela ya umeme, hata kama jirani yake anachemsha maji ya kuoga kwa hita kila asubuhi.

Lakini piga hata kwa 292, nusu uniti ni 146, kodi na makato yakiongezeka bado iko chini ya mia mbili. Mkaa wa buku kwa sufuria moja ya maharage si habari ngeni.

Wanaopinga wana yao ya kweli pia. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni huna jiko, ugali hausongeki mle, chapati ndo usiseme, na hela ya kununulia inatoka kwa mkupuo wakati mkaa unanunua leo wa leo. Kwa hiyo jiko la pili litabaki tu. Mi naona vya kuhamisha ni vile vinavyokaa motoni muda mrefu, maharage, makande, kongoro, na wapangaji wafunge mita ndogo kila chumba, bei haitashuka kwa hilo ila angalau itajulikana nani anakula umeme.