COBOL kwa mgeni: ugumu hauko kwenye sura

Wapo wanaotaka COBOL, lugha ya mwaka 1959 ambayo hadi leo inahesabu fedha kwenye mabenki, ivikwe sintaksia (kanuni za uandishi) mpya ya kufanana na Python, ili kijana anayesoma kompyuta pale Nyegezi, Mwanza, asiikimbie. Wanaopinga huitwa wazee wasiotaka mabadiliko. Wanaonewa.

Kweli, mpangilio wa zamani ni kero. Katika kila mstari, nafasi za herufi, yaani safu, 1 hadi 6 ni za namba za mistari, ya 7 ni ya alama, msimbo unaanzia ya 8, na kinachovuka ya 72 kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haikisomi wala haikuambii. Ni masalia ya kadi za kutoboa. Lakini kiwango rasmi cha COBOL cha 2002 kilisharuhusu uandishi huru, usiofungwa na safu hizo: kwenye GnuCOBOL, kompaila ya bure, unaandika cobc -x -free mauzo.cob, basi. Nukta nayo ikidondoka katikati ya IF, sharti linafungwa hapohapo na mistari inayofuata inatekelezwa kwa kila rekodi. Dawa yake, END-IF, neno la kufunga sharti waziwazi, ipo tangu 1985.

Inabaki PIC, tamko la sehemu ya data ina nafasi ngapi (9(6) ni tarakimu sita), ambayo wanamageuzi wangependa kuificha kabisa. Tuseme programu inatunza mauzo ya dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, na jumla imetangazwa PIC 9(6). Mzigo wa shilingi 1,250,000 unahamishwa kwa MOVE, amri ya kunakili thamani, kutoka sehemu yenye tarakimu 7. Kinachoandikwa ni 250,000. Programu haisimami, ripoti inatoka safi, milioni haipo. Ingekuwa ADD au COMPUTE, amri za hesabu, kifungu cha ON SIZE ERROR kingeikamata namba isiyoenea. MOVE haina kinga hiyo.

Utasema hiyo ndiyo sababu ya kubadili. Sawa, lakini upana ule uko ndani ya faili: kila rekodi imetenga nafasi 6, na programu nyingine zinasoma faili lilelile. Ukiandika "jumla = 0" kwa sintaksia mpya, nafasi zinabaki 6. Milioni itapotea vilevile, ila sasa mgeni hana pa kuanzia kuitafuta. Hali ni hiyohiyo kwa uzito wa PIC 9(6)V99, ambapo V ni mahali pa nukta ya desimali: kilo 1,250.50 zinahifadhiwa 00125050, bila nukta yoyote. Asiyeiona ile V atasoma kilo laki moja na ushee, na hakuna dagaa wa hivyo kwenye mtumbwi mmoja.

Kwa hiyo mgeni apewe uandishi huru na END-IF tangu siku ya kwanza, kisha zoezi moja gumu: apanue jumla iwe PIC 9(9). Atakuta rekodi imerefuka kwa nafasi 3, sehemu zote zilizofuata, kama tarehe, zimesogea, faili la zamani linahitaji programu ya kulihamisha, na kila programu inayoleta muundo huo kwa COPY lazima ikompailiwe upya. Ikisahaulika moja tu, itasoma tarakimu za jumla kana kwamba ni za tarehe.