Sabufa Nne na Plaizi Moja

Mpaka leo nikipita njia ya juu kule Mabatini, Mwanza, kuna watoto wananibwekea. Mtu mzima, nina ndevu, nimebeba dagaa wangu kwenye mfuko, na watoto wanne wamekaa juu ya jiwe: "Wo! Wo! Wo!" Siwakemei. Wana haki yao.

Chanzo ni Zaireeka, albamu ya The Flaming Lips, bendi ya Oklahoma City huko Marekani. Ilitoka Oktoba 1997. Jina wameunganisha Zaire na eureka, lile neno la Kigiriki la mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Sasa Mei mwaka huohuo Zaire ilishabadilishwa jina ikawa Kongo, kwa hiyo albamu inafika madukani, nchi haipo. Ningeona dalili hapo. Sikuona.

Albamu za watu wengine unaweka, unasikiliza. Hii ina diski 4 zenye nyimbo 8 zilezile, na diski zote zinatakiwa zipigwe kwa wakati mmoja kwenye redio 4. Kila diski imebeba vipande vyake: huku ngoma, kule mtu anaimba, pembeni makelele ambayo sijui nani aliyaagiza. Wayne Coyne, mwimbaji wao, alianza mchezo huu 1996 kwa kugawa kanda kwa watu wenye magari wazipige kwa pamoja kwenye maegesho. Wapo wanaoapa kwamba albamu hii ni maajabu. Pitchfork, jarida la Marekani la kuchambua muziki, waliipa 0.0. Mimi kitu kikipewa sifuri na bado watu wanagombana juu yake, situlii mpaka nikionje.

Jamaa yangu akanipa zote kwenye fleshi nne. Kazi ikabaki sabufa.

Tunakaa nyumba ya kupanga, vyumba sita, ua katikati, mawe nyuma, mawe mbele. Sabufa ya kwanza yangu. Ya pili ya dogo wa bodaboda. Ya tatu ya mama mwenye nyumba, ile kubwa inayolala sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Akakubali kwa sharti kwamba haitoki sebuleni kwake, mlango tu ndio utaachwa wazi. "Nyimbo zenyewe za nini, mwanangu?" akauliza. Nikamjibu: za Kizungu, mama, za taratibu.

Uongo huo ndio uliokuja kuniuma.

Ya nne ilikuwa ya fundi simu wa chumba cha mwisho. Fundi anatengeneza vya watu, vyake hatengenezi. Kitufe cha sauti kiling'oka zamani, kimebaki kijiti cha chuma kama jino la mzee, na ukitaka kupunguza sauti unakizungusha kwa plaizi. Alinikabidhi plaizi kwa heshima kabisa.

Saa tatu usiku tukajipanga, kila mtu na sabufa yake. Nikapiga hesabu kutoka katikati ya ua: moja, mbili, tatu! Dogo alibonyeza kwenye "mbili". Mama mwenye nyumba aliuliza kwanza, "Nibonyeze sasa?" halafu ndipo akabonyeza. Wimbo wa kwanza ukatoka kama makonda wanne wanaogombea abiria mmoja. Tukarudia. Mara ya tatu tukakaribiana, na niseme ukweli, kulikuwa na dakika moja hivi ambapo sauti ilitoka chumba cha dogo, ikavuka ua juu ya ndoo za maji, ikaingia sebuleni kwa mama, nikasisimkwa mwili mzima. Kile kitu hakikuwa kwenye sabufa yoyote. Kilikuwa uani, hewani, pale kwenye kamba ya nguo.

Dakika moja. Baada ya hapo sabufa zikaanza kuachana, na Simba, mbwa wa jirani, akaja kukaa mlangoni.

Kwenye kasha la albamu hiyo kuna onyo kwamba wimbo wa 6 una milio ya juu sana na ya chini sana inayoweza kumvuruga msikilizaji. Fleshi haina kasha. Vikombe vya kabati la mama vikaanza kugongana vyenyewe. Simba akainua masikio. Wimbo wa 7 ukapita na ngoma zake. Nikajua tumevuka salama.

Wimbo wa 8 unaanza na mtu anasimulia tu, kwa upole, mpaka mama mwenye nyumba akasema, "Hii sasa ndiyo ya taratibu." Mwishoni wakafunguliwa mbwa. Sio mbwa mmoja. Mbwa wengi, wanabweka kutoka sabufa nne, kila kundi linamjibu mwenzake, na mawe ya Mabatini yanaurudisha mlio mara mbili. Simba akajibu. Mbwa wa juu wakamjibu Simba. Kilima kizima kikabweka.

Nikadaka rimoti. Sabufa yangu na ya dogo ni za Kichina, ndugu wa tumbo moja, rimoti moja inazitawala zote mbili. Na kitufe kinachozima ndicho kinachowasha. Nikabonyeza: yangu ikazima, ya dogo, ambaye alikuwa ameshaizima kwa mkono, ikawaka. Dogo akaizima. Nikabonyeza tena: yangu ikawaka, ya dogo ikawaka. Nikaitupa rimoti, nikakimbilia ya fundi na plaizi yangu, nikazungusha. Upande usiopaswa.

Hapo ndipo nikasikia mwano, yowe la kuita watu, unapigwa huko juu. Kwa asiyejua, usiku mbwa wakibweka hivyo Usukumani, ni wizi. Haikupita muda ua umejaa wanaume wenye fimbo na tochi, na wa kwanza kumulikwa ni mimi: kaptula, kifua wazi, plaizi mkononi.

"Unakata nyaya za nani?"

Mwenyekiti wa mtaa alikuja na koti juu ya msuli. Akauliza mbwa wako wapi. Nikasema wamo kwenye fleshi. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Weka tena. Toka mwanzo."

Yaani wanaume zaidi ya ishirini wa Mabatini walikaa kwenye ndoo na mawe, fimbo mapajani, wakasikiliza Zaireeka. Sijui kama kuna kikao kingine cha namna hiyo duniani. Mmoja akasema ni redio mbovu. Mwingine akataka kujua kama watu hao walilipwa. Mama wa genge, aliyefuata kelele na kanga yake begani, akaniomba nimtafsirie majina ya nyimbo. Nilipofika wimbo wa 7, gwaride la mboga zilizooza, akasimama: "Nani amekwambia mboga zangu zimeoza?" Ilichukua robo saa kumtuliza.

Mzee mmoja tu ndiye hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anazunguka ua, anasimama kwenye kila mlango, anainamisha kichwa. "Ng'wanawane," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kisukuma, "hawa si wanashindana?" Akaniambia ni kama Bagika na Bagalu, vikundi viwili vya Wasukuma vinavyoshindana kwa ngoma: ngoma mbili uwanja mmoja, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na aliyevuta watu wengi ndiye mshindi. Akahesabu watu waliosimama karibu na kila mlango. "Ameshinda wa sebuleni kwa mama." Mwenyekiti akalipokea hilo kama hukumu, akanitoza kreti moja ya soda, watu wakaenda kulala. Sijaona mchambuzi aliyeielewa albamu ile kuliko yule mzee, na alikuwa amekuja kunipiga.

Asubuhi mama mwenye nyumba akagonga mlango. Nikajua ni uniti za luku, nikatoka na elfu tano mkononi. Akaipokea, akaikunja kwenye kanga, hakuondoka.

"Mwanangu, ile ya mbwa inapatikana peke yake? Kaka yangu Kisesa anaibiwa kuku."